Siku Ndelwa Alipoanza Kula

Nakumbuka jioni moja, mwanangu, tumekaa chini sisi watoto wa Bagara, hapa Babati, nje ya ua wa minyaa, vumbi mpaka magotini, na ndani ya ua msichana mmoja anatusomea kitabu. Tumenyamaza kimya kama tuko kanisani. Halafu mmoja wetu akapaza sauti: "Ongeza sauti wewe, huku hatusikii!" Wote tukacheka. Aliyepaza sauti ni mimi, bibi yako.

Funga hicho kitabu kwanza. Weka kidole hapo ulipofika, hakitakimbia. Najua umekuja kwangu nikutetee kwa mama yako. Amekunyang'anya vitabu vyako vya mazimwi na watoto wanaoruka angani, umebaki na hicho kimoja tu, anasema vinakuharibu akili, kila mtoto wa mji huu anatembea navyo kwapani na hakuna anayechota maji. Nitakutetea, usiwe na wasiwasi. Lakini mimi sitetei mtu bure. Utanisikiliza mpaka mwisho, na mwisho wenyewe si mtamu.

Sisi tulisoma shule miaka ya shida. Ninyi mkisikia "hali ngumu" mnafikiri ni bando kuisha. Sisi sabuni hatukuwa nayo, tulifua kwa majivu. Sukari ilikuwa hadithi. Unga ulikuwa ule wa njano, wa msaada, na huo nao unaupanga foleni kwenye duka la ushirika, balozi wa nyumba kumi amesimama mlangoni anaita majina. Kiberiti hakuna. Asubuhi unamwona mtoto anakimbia na kigae kwenda kwa jirani kuomba kaa la moto, anapuliza huku anakimbia lisizime. Mafuta ya taa hayapo, kwa hiyo jua likizama na wewe unazama.

Shuleni kitabu kilikuwa kimoja kwa benchi zima. Mwalimu anasoma mstari, sisi tunauimba, na fimbo inapima nani anaimba vizuri. Tulikuwa tunaimba tu, mwanangu, hatukuwa tunasoma. Kulikuwa na mvulana mmoja wa wafugaji, Gidamis, alikuwa anatoka Nakwa kwa miguu. Siku moja mwalimu alipita akamkuta ameshika kitabu juu chini, chini juu, na anasoma ukurasa mzima bila kukosea hata neno! Alichapwa, lakini kosa lilikuwa lake kweli? Alifanya kile kile tulichofanya wote, ila sisi kitabu tulikishika vizuri.

Basi katika ukame huo ndipo akaingia Ndelwa.

Vilikuwa vijitabu vyembamba, jalada la njano, karatasi yenyewe ya kahawia, mbaya, ukiigusa inatoa unga. Alivileta Baba Martina. Huyu alikuwa dereva wa lori la mahindi, anakwenda Arusha na kurudi pale lori likipata dizeli. Alikuwa mgeni Bagara, yeye na mke wake walikuwa wameshuka kutoka milima ya Mbulu, ndugu zao wote wamebaki huko juu. Binti yake Martina alikaa benchi moja na mimi. Kila baba yake alipotoka Arusha alimletea kijitabu kimoja, na Martina hakuwa mchoyo.

Ndelwa ni msichana wa umri wetu. Siku moja anaingia ndani ya kihenge cha bibi yake kutafuta mbegu, anatokea upande wa pili, kwenye nchi ya ukungu. Huko kuna mfalme amefungia mvua zote za dunia kwenye vibuyu, vibuyu vimetundikwa ghalani kwake, na anamfungulia yule tu anayemsifu. Kila kijitabu Ndelwa anaiba kibuyu kimoja na kukipasua, na kila kijitabu kinaishia mahali ambapo unataka kumtukana aliyekiandika. Mlango unafunguka, mkono unatokea, kwisha. Unasubiri lori.

Mungu wangu, tulivyosoma! Mashamba ya baba zetu yamekauka, na huku tuna mtoto mwenzetu anayepasua vibuyu vya mvua. Kijitabu kililala nyumba moja usiku mmoja, kesho kikahamia nyingine. Tulisoma kabla jua halijazama, na aliyechelewa alisoma kwa mwanga wa moto wa jikoni mpaka nyusi zikaungua. Gidamis alikuwa anatuomba tumsomee, mpaka mmoja wetu akamwambia jisomee mwenyewe, hatuna muda. Akajifunza. Kwa hasira tu, akajifunza. Nilimkuta nyuma ya darasa anafuata mistari kwa jani la nyasi, midomo inatetemeka, na kitabu safari hii kimesimama sawasawa.

Na si watoto peke yao. Nyumbani tuliishi na mama yake baba yangu, Bibi Hawu. Yeye alikuwa amesoma kisomo cha watu wazima, akafaulu, akapewa na cheti. Baada ya cheti hakuna aliyempa kitu cha kusoma, na herufi zikamtoka kidogo kidogo. Alipoona ninavyocheka peke yangu na kile kijitabu, akasema, "Lete hapa nione kinachokufanya kichaa." Tukaanza. Kidole chake kwenye neno, changu kwenye neno linalofuata. Ukurasa mmoja ulituchukua jioni nzima mwanzoni. Alipofika kitabu cha tatu alikuwa ananikataza nisimsaidie.

Lakini alikuwa na mdomo, Bibi Hawu. Alikuwa anagombana na kitabu kama vile mwandishi amekaa pale jikoni. "Huyu mtoto anaishi kwa hewa? Ametembea milima mitatu, amelala porini, hajala hata punje! Aliyeandika hiki alikuwa ameshiba." Mimi nilimwambia, Bibi, hizi ni hadithi tu. Akasema mwenye shibe hamjui mwenye njaa, hata kwenye hadithi. Likumbuke hilo neno, tutalirudia.

Baba yangu yeye hakupenda. Alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa haki, kila mtu alimheshimu, na mimi pia nilimheshimu mpaka siku nitakayokuambia. Alisema hadithi za vibuyu vya mvua ni mambo ya giza. Ila alimwogopa mama yake, kwa hiyo alinyamaza.

Sasa sikiliza. Vitabu sita vilikuwa vimekuja. Cha saba ndicho cha mwisho, kilitangazwa kwenye jalada la nyuma la cha sita. Kimebaki kibuyu kimoja, kikubwa kuliko vyote, na mfalme anakilalia kama mto. Tulisubiri lori wiki hadi wiki. Lori likaja, utingo ndiye anayeliendesha, Baba Martina amelazwa nyuma, juu ya magunia matupu. Homa ilimkamata njiani na hapakuwa na dawa hospitali yoyote waliyopita. Alishushwa akiwa ameshakufa. Mfuko wake wa safari ukakabidhiwa kwa mkewe, na ndani yake mlikuwa na shati, na kipande cha sabuni, na kitabu cha saba.

Tulilia msibani, ndiyo, kama watoto wanavyolia, kwa kuwa wakubwa wanalia. Lakini nakuambia ukweli kwa sababu mimi ni mzee na uongo umenichosha: kabla kaburi halijafunikwa tulikuwa tunanong'onezana, "Kitabu anacho. Amekiona Fulani kwenye mfuko."

Ninyi siku hizi mnasikia metimani kama neno la makumbusho. Kwetu Wairaqw lilikuwa jambo zito, hata kwa waliobatizwa. Nyumba iliyoingiwa na kifo cha namna hiyo inatengwa. Mjane na watoto hawaingii nyumba ya mtu, wala mtu haingii kwao. Hawali pamoja na wengine, hawapewi moto, hawapangi foleni na watu, ng'ombe wao hawachanganyiki na wa jirani. Muda ukiisha wanatakaswa na kurudi. Wazee hawakuuweka mwiko huu kwa ukatili. Waliuweka wakati kila nyumba ina ndugu zake kilima cha pili, na ndugu ndio wanaoruhusiwa kumtunza mfiwa. Lakini ndugu wa Mama Martina walikuwa Mbulu juu, mabasi hayana mafuta, na habari zenyewe zilitembea kwa miguu. Fimbo ya mbali haiui nyoka.

Kwa hiyo Mama Martina alifungiwa ndani ya ua wake wa minyaa na watoto wawili, Martina na mdogo wake Boay aliyekuwa bado ananyonya. Na kitabu cha saba humo humo ndani.

Tulivumilia siku chache. Halafu tukaenda kusimama nje ya ua, mbali kidogo, pale mwiko unaporuhusu. Ungetegemea tuseme "pole Martina," sivyo? Hata mimi sasa ningetegemea hivyo. Tulichosema ni, "Martina! Ndelwa amekipata kibuyu?"

Tulimwona kwa upenyo, amekaa kizingitini, amemshika mtoto. Kitabu hakiwezi kutoka nje ya ua, hilo alijua na sisi tulijua. Basi yeye mwenyewe akalipata wazo. Akasema, "Kaeni hapo hapo. Nitawasomea. Sauti haina mwiko."

Ikawa desturi. Jioni jua likianza kushuka, watoto wa Bagara, na wa Nakwa, mpaka wengine kutoka Sigino, tunakaa vumbini nje ya minyaa na Martina anasoma. Watu wazima wakaanza kupunguza mwendo wanapopita. Bibi Hawu alikuja na kigoda chake, akakaa mbele yetu wote. Hujaona kusanyiko la kusoma kama lile katika mji huu, na wala hutaliona. Mwalimu na fimbo yake hakuwahi kutunyamazisha vile.

Siku zikaenda. Martina akaanza kusoma polepole. Akawa anasimama katikati ya sentensi, anavuta pumzi, anaendelea. Tulipochelewa kufika na kumwomba arudie ukurasa wa jana, alisema, "Hairudiwi." Tukaona anaringa! Amepata watu wa kumsikiliza, sasa anajifanya redio. Sauti yake ikapungua, ikapungua, na ndipo siku ile mimi nikapaza yangu: ongeza sauti.

Akaongeza. Nilimsikia anavyojikaza. Aliongeza kwa ajili yetu.

Tangu hapo hadithi ikaanza kuwa ya kuchekesha. Ndelwa anafika mlangoni kwa mfalme, na kabla ya kuingia anakaa anakula. Anakula ugali mweupe na maziwa ya mgando. Martina akaueleza ule ugali, mvuke wake, jinsi unavyomegwa, maziwa yanavyoshika kwenye kidole. Kesho yake Ndelwa anajificha ghalani, na humo ghalani kuna viazi vitamu vimechomwa kwenye majivu, anavimenya kimoja kimoja. Kesho kutwa walinzi wa mfalme wanamkamata, na badala ya kumfunga wanampa nyama ya mbuzi, na mchuzi, na kipande cha mafuta anakilamba mpaka kwenye kiwiko. Sisi tunacheka, tunasema huyu Ndelwa amekuwa mlafi! Gidamis akauliza, "Na vita je?" Martina akajibu kwa kile kisauti chake, "Vita vipo. Ngoja amalize kula."

Nilimgeukia Bibi Hawu nicheke naye. Hakuwa anacheka. Alikuwa ameshika magoti yake kwa mikono miwili.

"Vitabu sita," alisema, "nimesoma neno kwa neno kwa kidole changu. Ndelwa hajala hata mara moja. Leo anakula kila ukurasa. Hiki anachosoma huyu mtoto hakimo kitabuni."

Nikamwambia, "Labda mwandishi amebadilika, Bibi."

Akanigeukia. Sijawahi kutazamwa vile na mtu, na nimezika mume na watoto wawili. "Ninyi ndio mliosoma shule," alisema. "Mnasikia mvua iliyofungwa kwenye kibuyu, nchi ambayo haipo, mnalia machozi. Mtoto mwenye njaa yuko hatua chache hapa, anawatajia chakula kimoja kimoja, mnamwambia aongeze sauti. Mmesoma nini sasa? Na mimi mzee mzima nimekaa hapa nasikiliza kama ng'ombe aliyepewa chumvi."

Akasimama. Akaenda nyumbani, akarudi na unga wa njano kwenye kibuyu, na kaa la moto kwenye kigae, analipuliza. Baba yangu akamfuata nyuma, "Mama, mwiko! Mama, unajua unachofanya?" Bibi hakugeuka. Akapita katikati yetu, akapita ule mstari ambao hakuna aliyeuvuka, akaingia uani.

Mimi nilisogea mpaka kwenye upenyo. Nikaona kitabu cha saba, mwanangu. Kimebaki jalada. Jalada la njano na vipande vya karatasi iliyochanwa vinaning'inia kwenye uzi. Kurasa zenyewe mama yake Martina alikuwa amezitumia kufufulia makaa ya usiku, ukurasa mmoja kila asubuhi, kwa sababu kiberiti hakuna na hakuna jirani wa kumpa kaa. Kwanza Martina alikuwa akitusomea kila ukurasa jioni, kwa kuwa asubuhi unaungua. Ndiyo maana hakurudia. Halafu moto ukawahi kuliko sisi, kurasa zikaisha, naye akaogopa kutuambia tusije tukaacha kuja. Akaendelea kutoa kichwani mwake, na kichwani mwake kulikuwa na kitu kimoja tu.

Majani ndiyo waliyokuwa wanapika. Majani na chumvi ya magadi. Jina la Mama Martina lilikuwa linaitwa pale dukani kila mgao, hayupo, foleni haimruhusu, na balozi anasema, "Wa kwao watamletea." Kila mmoja wetu alidhani jirani wa upande wa pili ndiye anayepeleka. Na lililoniuma zaidi nililisikia baadaye kwa Bibi: mwiko ulitukataza kuingia. Haukutukataza kuacha unga pale njiani wakatoka wakauchukua. Hilo tulijikatalia wenyewe.

Boay alikufa kabla mwezi ule haujaisha. Maziwa ya mama yake yalikuwa yameshakauka siku nyingi, na unga wa Bibi ulikuta mtoto hawezi tena kumeza.

Hapo ndipo wakubwa wakaamka. Ee, waliamka kweli! Wakaita mkutano, wazee wa kimila huku, wazee wa kanisa kule, na kwa mara ya kwanza nikawaona wanakubaliana jambo. Baba yangu akasimama. Nilidhani atasema, tumemwacha mjane na njaa. Alisema hivi: "Hizi hadithi za vibuyu na nchi za ukungu ndizo zilizoleta balaa. Watoto wamekusanyika kwenye nyumba yenye mwiko, wameita mambo wasiyoyajua." Watu wakaitikia kwa vichwa. Mwalimu naye akasema tangu vitabu vije watoto hawazingatii masomo. Vichwa tena. Kikulacho ki nguoni mwako, lakini ni nani anayependa kuvua nguo mbele za watu? Kitabu hakina mdomo wa kujitetea, kikabebeshwa.

Sauti pekee iliyopinga ilitoka mbali. Bibi Hawu alikuwa amehesabiwa sasa ni wa metimani, haruhusiwi kukaribia. Alisimama peke yake, juu ya kichuguu, akapiga kelele: "Kitabu hakina mikono! Unga tuliufungia sisi!" Hawakugeuka. Upepo ulikuwa mwingi, baadaye walisema hawakusikia vizuri.

Vijitabu vyote vikakusanywa. Wakasema vichomwe, lakini karatasi ilikuwa adimu, nani achome mali? Akapewa muuza tumbaku wa sokoni. Miezi kadhaa wanaume wa Babati walisokotea tumbaku yao kwenye Ndelwa. Nilimwona baba yangu anavuta, na kwenye ile karatasi nikasoma neno "kibuyu" kabla moto haujalifikia. Yeye hakulisoma.

Shuleni tukarudi kuimba. Kitabu kimoja, benchi zima, fimbo. Gidamis aliacha shule mwaka ule ule, akarudi kwenye ng'ombe. Mwezi uliopita alikuja hapa, unamjua, yule mzee wa fimbo ndefu aliyenywa chai kwenye kiti hicho. Alileta simu yake nimsomee ujumbe wa mwanawe. Alinitazama nikisoma, halafu akasema taratibu, "Unakumbuka, mimi pia niliwahi kujua." Nilikwenda jikoni kuongeza chai ambayo hakuihitaji.

Na Martina? Muda wao ulipoisha walitakaswa, ndugu wakafika hatimaye, wakawachukua kurudi Mbulu. Hakuniaga, na nisingetaka aniage. Bibi Hawu alikaa nao ndani ya ule ua mpaka siku ya mwisho, na Martina alimsimulia jinsi hadithi ilivyoisha, mwisho wa kweli, ule alioufungua na kuusoma siku ya kwanza kabla ya moto kuufikia. Nilimbembeleza Bibi aniambie. Alikataa mpaka anakufa. "Muulize mwenyewe," alisema. "Lakini uanze na salamu."

Nilikutana naye nikiwa mtu mzima mwenye wajukuu, mnadani hapa Babati, anauza maharage. Nilimtambua mara moja, yeye hakunitambua. Nilikuwa na maneno yangu niliyoyabeba miaka mingi, nimeyapanga vizuri. Nikaanza kwa salamu kama Bibi alivyosema. Niliposema tu, "Habari za siku nyingi, Martina," akaacha kupima maharage. Akasema, "Sauti hiyo naijua. Wewe ni yule wa ongeza sauti."

Maneno yangu yote yakayeyuka. Nikamwuliza, kama mjinga, kama wajukuu zake wanapenda vitabu. Akasema hajui. Yeye tangu siku zile hajashika kitabu, akikiona anasikia harufu ya majani yanachemka. Akanifungia maharage kwenye mfuko, akamgeukia mteja mwingine. Sikuuliza mwisho wa Ndelwa. Sijui mwisho wake mpaka leo, na sistahili kuujua.

Majuto ni mjukuu, mwanangu, na mjukuu wangu ni wewe, kwa hiyo yapokee. Nitakwenda kwa mama yako leo jioni. Nitamwambia akurudishie vitabu vyako vyote, vyenye mazimwi na vyenye mapembe, kwa sababu niliona kwa macho yangu mji mzima unajifunza kusoma kwa ajili ya msichana ambaye hayupo, na nikaona mji ule ule unarudi gizani kwa ujinga wa watu wazima waliotafuta wa kumlaumu. Mtu yeyote asikudanganye kwamba hadithi ndiyo mbaya. Soma. Soma mpaka nyusi ziungue.

Lakini nina neno na wewe pia. Asubuhi hii umekaa hapo barazani, jirani yetu Mama Samweli amekuita kwenye ua, akaita tena. Nilikuwa ndani, nilisikia. Ukamjibu bila kuinua macho, "Subiri nimalize ukurasa." Akasubiri kidogo, akaondoka. Mumewe yuko kitandani tangu Pasaka. Alitaka nini? Hujui. Na mimi miguu yangu hii haikunifikisha mlangoni kwa wakati.

Basi nakuusia hivi. Hadithi nzuri inakufundisha kumhurumia mtu ambaye hukumwona kamwe, na hiyo ni kazi kubwa, lakini ni mazoezi tu. Shamba lenyewe liko nje ya kitabu. Ukilia kwa ajili ya Ndelwa na ukamwacha Martina, hujasoma, umeimba tu kama sisi na ule wimbo wetu wa darasani. Sikiliza anayekusomea kuliko unavyosikiliza anachosoma. Na siku jirani akianza kutaja chakula kwa utani, wewe usicheke haraka.

Mungu akupe macho yasiyochoka na kitabu kisichoisha. Ng'ombe wako warudi wote jioni, moto wako usizimike, na ukizimika awepo jirani wa kukupa kaa. Kibuyu chako kisijae peke yake. Usifungiwe nje ya ua wa mtu, na wewe usimfungie mtu.

Haya, inuka, nenda kwa Mama Samweli. Anza na shikamoo, halafu umwulize alikuwa anataka nini. Ukirudi, kaa hapa karibu yangu unisomee hicho chako, kuanzia mwanzo. Wala usiongeze sauti. Nitakusikia.